Tarehe ya Kweli

Kinyozi ndiye aliyeleta habari, na aliileta mbio, taulo la kazini bado liko begani. Alifika mlangoni uso umemchanua, maana miaka minne si mchezo kumngoja mtu aliyekuuzia kiwanja hewa akala kona. Kisha akamwona mwenye nyumba amesimama nyuma ya meza ya kupigia pasi, shati la mtu mkononi, akakumbuka kwamba anazungumza na mama wa huyo huyo. Uso ukamshuka.

"Amekamatwa," akasema taratibu. "Huko huko nje. Alikuwa anavuka mpaka kwa pasipoti ya jina jingine."

Mama Pasi akaisimamisha pasi wima. "Mzima?"

"Nani?"

"Mwanangu. Ni mzima?"

Kinyozi akakuna kidevu. Katika orodha ya walalamikaji arobaini na watatu jina lake lilikuwa la kwanza, na njiani alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa kufukuzwa na maji ya moto. Kwa swali hilo hakujiandaa. "Hawakusema, mama. Lakini nadhani mzima. Maiti haikamatwi."

"Anakuja lini?"

"Haji hivi hivi. Mpaka serikali yetu iwaandikie ya kwao, kwa njia ya ubalozi. Mahakama ya kule imetoa siku sitini. Zikiisha makaratasi hayajakamilika, wanamfungulia mlango anakwenda zake."

"Leo ni ya ngapi?"

"Ya tisa."

Akamshukuru, akarudi kwenye shati lake. Alikuwa amefika kwenye kola, na kola haiachwi nusu.

Jina la Mama Pasi alilipata hospitalini, kwenye chumba cha kufulia, alikonyoosha mashuka ya wagonjwa miaka ishirini na sita hadi magoti yakagoma. Alipostaafu akaendelea sebuleni kwake. Wateja walikuwa wengi, hadi mwanawe alipotoweka na fedha za watu. Hapo wakahamisha nguo zao mmoja mmoja bila kuaga. Hakuwalaumu. Mtu akiwa na hasira hutafuta wa kumfikia, na aliyefikika alikuwa yeye. Waliobaki ni nyumba ya wageni ya barabara ya pili, walimu wawili, na Bwana Faili wa wizara ya mambo ya nje, aliyeleta mashati matano kila Ijumaa na kuyachukua Jumapili. Kwa miaka minne Bwana Faili na Mama Pasi walizungumzia vifungo na madoa ya wino tu, ingawa kila mmoja alijua mwenzake anajua nini.

Mke wa mwanawe alitoka chumba cha ndani kinyozi alipoondoka. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wenyewe ni mbao.

"Wanamrudisha, mama?"

"Wanaomba kumrudisha."

"Na wasipofanikiwa?"

"Ataachiwa."

Yule mwanamke akakaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Aliishi na mume mwaka mmoja na nusu, na miaka minne iliyofuata aliishi na mama mkwe. Kila mwezi wa kwanza alisema mwaka huu ataitwa, atatumiwa tiketi, akaanze maisha. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia vinginevyo. Kuanzia siku hiyo wanawake wawili wa nyumba moja walihesabu siku zile zile, mmoja akiomba zitoshe, mwingine akiomba ziishe.

Siku ya ishirini na nne walalamikaji walikwenda wizarani kuulizia faili, na Mama Pasi akaenda nao. Hawakumwalika, alivaa gauni lake la kitenge, akafika kabla yao.

Getini mlinzi alimpa fomu. Ilikuwa na visanduku vinne vya uhusiano na shauri: mlalamikaji, shahidi, wakili, mengineyo.

"Wewe ni nani hapa?" mlinzi akauliza.

"Mama wa mtuhumiwa."

Mlinzi akaisoma fomu juu hadi chini, akageuza na upande wa pili. "Mama hamna," akasema. Akaweka alama kwenye mengineyo.

Ndani palikuwa na benchi refu. Mama Pasi alipokaribia pembeni pake, mwanamke mwenye duka la vifaa vya shule akasogeza mkoba wake ukajaza nafasi. Huyo alikuwa amelipia viwanja viwili, kimoja cha kwake na kimoja cha marehemu mumewe, aliyelipa mpaka mwezi wa mwisho akiwa kitandani.

"Huyu amefuata nini?" akauliza, akiwatazama wenzake. "Kutusikiliza akampelekee simu?"

"Nimekuja kuomba arudishwe," Mama Pasi akasema. "Kama nyinyi."

"Kama sisi."

"Ndiyo."

"Sisi tunataka afungwe."

"Mimi nataka arudi. Mkishamfunga nitajua yuko wapi."

Kinyozi akasema muacheni akae, ni mtu mzima, magoti yake mabovu. Mwenye duka akasema akae, nani amemkataza, lakini si benchi hili. Basi akasimama karibu na pipa la maji ya kunywa saa mbili nzima, akibadilisha mguu. Walipoitwa ndani, ofisa aliwaambia faili limetoka kwa mwendesha mashtaka, limetafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa, limepigwa lakiri na kwenda ubalozini, na ubalozi umelikabidhi kwa wizara ya kule kwa barua rasmi. Walalamikaji wakashikana mikono. Mama Pasi alikuwa amebaki mlangoni, na mikono haikumfikia. Hata hivyo alirudi nyumbani na moyo mwepesi, akapiga pasi mashuka kumi na nane bila kupumzika.

Ijumaa ya siku ya arobaini na tisa Bwana Faili alikuja bila mashati.

Alikaa, akaomba mlango ufungwe. Mtu huyu alikuwa mwoga wa taratibu kuliko wa jambazi, na kuja kwake pale kulikuwa kumekwisha kumvunjia taratibu tatu. Akatoa bahasha ndani ya gazeti.

"Mama, jambo limekwama. Nakuambia leo, Jumatatu utaitwa rasmi na utajifanya hujui."

"Sema."

"Wakili wake anasema tumemkosea mtu. Cheti cha kuzaliwa tulichopeleka kinasema mtu wetu amezaliwa tarehe mosi Januari, na leo ana miaka thelathini na sita. Aliye mikononi mwao ana miaka thelathini na minane. Jina si lenyewe, umri si wenyewe. Na picha zetu ni za zamani, hana ndevu. Huyu ana ndevu hadi kifuani. Mahakama imesema tuthibitishe."

"Pasipoti yake inasema amezaliwa lini?"

Bwana Faili akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Tarehe ishirini na tatu, mwezi wa nane."

Mama Pasi aliketi juu ya rundo la nguo za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi. Akajifunika mdomo kwa kiganja. Bwana Faili alidhani analia, akatazama kando kwa adabu. Alikuwa anacheka, na machozi yakafuata baadaye.

"Ni yeye," akasema. "Ni mwanangu huyo."

"Umejuaje?"

"Hiyo ndiyo siku niliyomzaa."

Akamweleza. Mtoto aliugua miguu miaka miwili, hakutembea. Alipopona ana miaka tisa, mwalimu mkuu akasema amepita umri wa darasa la kwanza. Mama Pasi akaenda kwa karani wa vizazi na shuka jipya la zawadi, mtoto akapunguzwa miaka miwili, akapewa Januari mosi kama nusu ya watoto wa shule ile. Januari ikabaki ya makaratasi. Lakini kila tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa nane alimnong'oneza sikioni asubuhi, leo ndiyo siku yako, na mtoto akacheka kwa kuwa na siri na mama yake. Hakuna mwingine aliyejua, hata mkewe.

"Amebadilisha jina," akasema, akijifuta macho kwa upindo wa foronya ya nyumba ya wageni. "Angeweza kuandika tarehe yoyote. Ameandika ile."

Bwana Faili alirudi kwenye bahasha. Alikuwa ameshika karatasi moja ambayo bado hajaisoma, na anaigeuzageuza.

"Na hiyo?"

"Hii ni karatasi ya kiapo chake mbele ya hakimu. Si lazima uisikie, mama."

"Isome."

Akasoma harakaharaka, kwa sauti ya ofisini: kwamba yeye si raia wa nchi inayomwomba, kwamba hajawahi kuishi humo, kwamba hana mke wala ndugu humo, kwamba baba yake alifariki yeye akiwa mdogo na mama yake alifariki miaka sita iliyopita na akamzika kwa mkono wake.

Huko nje mtu alikuwa anapiga mswaki na kutema.

"Alisema niliugua nini?"

"Haikuandikwa."

"Basi," Mama Pasi akasema. "Wakili ndiye aliyemwandikia. Mawakili ndivyo walivyo." Alisema hivyo mara mbili. Kisha akauliza anatakiwa afanye nini.

Alitakiwa aape kwamba cheti kile kilidanganya na aliyedanganya ni yeye. Halafu atoe mate ya kupimia undugu. Mate ya kijana yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa kule kwa amri ya mahakama, yakingoja ya kulinganishwa nayo. Mfuko wa barua za ubalozi huondoka Alhamisi saa kumi jioni, na Alhamisi inayokuja ndiyo ya mwisho kufika kabla ya siku ya sitini.

"Hulazimishwi," Bwana Faili akasema akisimama. "Sheria haimlazimishi mama. Ukikataa, hakuna atakayekugusa."

Jumatano mchana walikuwa wanakunja mashuka ya nyumba ya wageni, kazi ambayo lazima iwe na watu wawili. Kila mmoja hushika ncha zake mbili, wananyoosha, wanakunja, wanasogeleana, mmoja anapokea ncha za mwenzake, wanarudi nyuma tena. Kwa miaka minne walikuwa wamefanya hivyo bila kutazamana usoni, mikono inajijua.

"Mama, usiende kesho," mke wa mwanawe akasema, shuka la tatu likiwa hewani.

"Vuta upande wako."

"Akiachiwa atakuwa huru. Atatafuta kazi, atatulia. Ataniita. Akija huku ni miaka kumi na minne, wakili amesema kumi na minne. Nitakuwa na miaka arobaini na sita mimi."

"Wakili gani amekuambia?"

Shuka likalegea katikati.

"Wakili gani, mwanangu?"

"Amenipigia simu. Jumapili. Wakili wake alimwazima simu."

Mama Pasi hakuachia ncha zake. "Amekupigia."

"Mara moja tu, mama. Dakika tatu. Naapa ndiyo mara ya kwanza tangu aondoke."

"Alisemaje?"

"Alisema umwambie mama asitoe mate."

Mama Pasi akasogea na ncha zake mpaka akafika karibu kabisa. Macho yake yalikuwa makavu, lakini sauti ilikuwa imeshuka, kama ya mtu anayeuliza njia ugenini. "Alisema 'mama'?"

"Mama nini sasa?"

"Nauliza alivyosema. Alisema 'mwambie mama', au 'mwambie bi mkubwa', au aliniitaje?"

"Alisema 'mama.'"

"Sema kama yeye alivyosema."

"Mama, jamani."

"Sema tu. Hujapungukiwa kitu."

Yule mwanamke akasema kwa sauti nzito ya kuigiza ambayo ilimtoka vibaya: "Mwambie mama asitoe mate."

Mama Pasi alifumba macho. Miaka minne hakupata salamu, hakupata hata simu ya kukatika, na sasa alikuwa amepata maneno manne, manne kamili, na moja lilikuwa lake. Akayapitisha kichwani kwa sauti ya mwanawe.

"Sauti yake ikoje?"

"Ina mafua."

"Mafua yake hukaa kifuani. Hakuniulizia hali?"

"Muda ulikuwa mdogo, mama."

"Dakika tatu."

"Ndiyo."

Wakamaliza shuka lile. Lilipokuwa mraba, mke wa mwanawe hakuliweka kwenye rundo, alilikumbatia. "Na hiyo tarehe," akasema. "Ya mwezi wa nane. Nimesikia yule bwana akisoma. Mimi nilikuwa nampikia Januari, namwimbia, anacheka. Alikuwa ananicheka?"

"Alikuwa anafurahi. Kupikiwa kunafurahisha mwezi wowote."

"Nijibu basi. Unakwenda kesho?"

"Nimesema nitafikiri."

"Hukusema."

"Basi nasema sasa."

Nisikudanganye, hakufikiri. Alikaa na yale maneno manne mpaka jua likazama, akiyapenda, na alijua wazi kwamba ndiyo ya mwisho atakayopata endapo atayatii. Mwanawe akiachiwa atachukua jina jingine tena, atavuka mpaka mwingine, na safari hii hata tarehe ataibadilisha.

Alhamisi kinyozi alifunga kibanda akampeleka wizarani kwa pikipiki ya shemeji yake. Mama Pasi hakuwa amekunywa hata maji tangu alfajiri, kwa kuwa aliambiwa kinywa kiwe safi saa moja kabla, naye akaona ni heri kuzidisha.

Kwanza aliapa. Mwanasheria wa serikali alimsomea maandishi, kwamba yeye kwa hiari yake alitoa taarifa za uongo kwa karani wa vizazi, akamuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa, lakini haukuwa uongo wa ubaya. Mwanasheria akasema hakuna sehemu ya kuandika hilo. Akaweka dole gumba na sahihi, vyote viwili.

Kisha maabara. Msichana mwenye glavu alimwambia afumbue kinywa, akamsugua ndani ya shavu la kulia kwa kijiti chenye pamba, akasugua na la kushoto. Vijiti viwili vikaingia kwenye kichupa, kichupa kwenye bahasha, bahasha ikabandikwa na kupigwa muhuri.

"Tayari, mama."

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Yeye nilimzaa siku nzima na usiku," Mama Pasi akasema. Msichana alitabasamu, akaita anayefuata.

Nje kinyozi alikuwa ameegemea pikipiki. Alimwona, akavua kofia. "Walalamikaji wote wanakushukuru, mama," akasema.

"Sikuwafanyia nyinyi."

"Najua. Nashukuru hivyo hivyo."

Aliporudi, mke wa mwanawe alikuwa amefunga sanduku. Dada yake alikuja kumchukua. Hawakugombana. Mlangoni alipiga goti kuaga kama ilivyo heshima, na akiwa chini pale pale akasema, "Wewe ulitaka aje. Mimi nilitaka niondoke. Kumbe tulikuwa tunamgombania tu, mama."

"Kumwona si dhambi, mwanangu."

"Na mimi sikuwa na dhambi."

Alisimama, akapangusa goti. Tangu siku hiyo Mama Pasi alikunja mashuka peke yake, ncha moja akiibana kidevuni, na hayakutoka vizuri.

Mwanawe alirudishwa baada ya miezi mitano, kati ya maofisa wawili, kwa ndege ya asubuhi. Redio ilitangaza. Kinyozi na wenzake walikwenda uwanjani na mabango. Mwenye duka la vifaa vya shule, wanasema, alipomwona alikaa chini akalia bila kusema neno. Mama Pasi hakuruhusiwa uwanjani wala kwenye chumba cha mahojiano. Aliambiwa angoje siku ya kutembelea mahabusu, Jumapili ya pili, dakika kumi na tano, mtu mmoja, asilete chakula kilichopikwa.

Alifika mapema mno, akakaguliwa mara mbili, akavuliwa kibanio cha nywele. Kwenye daftari la wageni palikuwa na sehemu ya uhusiano, na askari akaandika "mama" bila hata kuuliza. Akaelekezwa chumba chenye meza ndefu iliyogawanywa kwa wavu, akakaa kwenye kiti namba sita.

Mwanawe aliletwa. Walikuwa wamemnyoa ndevu. Alikuwa amekonda shingo, ana mvi juu ya masikio, na anaburuza mguu wa kushoto kidogo, ule ule uliochelewa kupona. Akakaa. Mama Pasi alikuwa amejipangia maneno tangu siku ya maabara, akiyanyoosha kila siku kama nguo ya mtu mkubwa: watu waliodhulumiwa, haki, maisha ya kukimbia si maisha, na kwamba kumi na minne hupungua ukiwa na tabia njema. Aliyatafuta yote, hakuliona hata moja.

"Mafua yalipona?" akauliza.

Mwanawe aliinua macho. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomwogopesha mwanamke. Hasira angejua la kuifanyia. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi.

"Nilikutumia ujumbe," akasema.

"Nilipata."

"Ukatoa."

"Nikatoa."

"Kwa nini, mama?"

Mama Pasi akalisikia lile neno kwa masikio yake mwenyewe, kwa sauti ya mwanawe. "Nilitaka kukuona," akasema. "Mwanangu, nilitaka kukuona tu."

Mwanawe akatikisa kichwa polepole, kama aliyeuliza bei akajibiwa ile aliyoitarajia.

"Haya," akasema. "Umeshaniona."

Akasimama, akamwambia askari yuko tayari, akaondoka akiburuza mguu wake, bila kugeuka. Saa ya ukutani ilionyesha zimekwisha dakika nne.

Mama Pasi hakuondoka. Aliweka mikono juu ya meza, akabaki anakitazama kile kiti cha upande wa pili. Kushoto kwake mwanamume mmoja alikuwa anamhadithia nduguye habari za paa linalovuja, na kulia kwake watu wawili walikuwa wanacheka. Askari wa mlangoni alingoja kidogo, kisha akaja, akainama karibu yake kwa upole.

"Mama, mtu wako ameshakwenda."

"Najua, baba."

"Unaweza kutoka sasa."

"Bado nina dakika kumi na moja," akasema. "Niache nikae nazo."

Askari akaitazama saa, akarudi mlangoni.